Chumvi ya Nyumba Saba

Zumbara ni nchi isiyoonekana kwenye ramani yoyote, na kila mwaka wananchi wake huandamana kuishukuru serikali kwa jambo hilo, maana nchi isiyoonekana haivamiwi. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na tisa, na ina Wizara ya Urithi, Ladha na Mambo ya Tumbo. Kitu pekee ilichokikosa kwa muda mrefu ni chakula cha taifa, na upungufu huo ulikuja kujulikana mbele za watu, tena ugenini.

Bi. Sikudhani hakuwa na habari na mambo hayo. Yeye alikuwa kijijini kwake Mwambisi pamoja na mumewe Makungu, fundi baiskeli, na watu walimjua kwa kupika kipoza. Kipoza ni mtama uliotwangwa, ukapikwa na kunde na karanga mpaka ukashikana, na Mwambisi hakipikwi ila siku ya arobaini ya msiba. Hupikwa bila chumvi hata chembe. Chumvi huja na watu. Nyumba saba zilizomjua marehemu huleta kila moja chumvi kidogo kutoka kwenye kopo lake la jikoni, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa, na anayeitia chunguni husema neno moja la kweli juu ya marehemu, liwe zuri au baya. Mjane huwa hajaonja chumvi tangu siku ya maziko. Nyumba ya saba ikishatia, yeye hukoroga, huonja, huvua kaniki yake nyeusi, na kigoda cha marehemu huondolewa mlangoni. Hapo ndipo msiba umekwisha na marehemu amepumzika. Kabla ya hapo, bado.

Sikudhani alikuwa amepikia misiba mingi kiasi kwamba wagonjwa wa Mwambisi hawakupenda kumwona akipita na chungu. Makungu alikuwa akimtania.

"Siku yangu ikifika usije ukaunguza chini kama ulivyomuunguzia mjomba."

"Wewe kufa kwanza," Sikudhani akimjibu, "malalamiko utaleta baadaye."

*

Aibu ya taifa ilitokea kwenye Mkutano Mkuu wa Baraza la Ladha la Dunia, ambako kila nchi ilitakiwa kuweka mezani chakula cha mababu zake. Wapo walioleta samaki aliyefukiwa ardhini miezi sita, na ukumbi mzima ukaziba pua kwa mkono mmoja na kupiga meza kwa mwingine. Wapo walioleta kabichi iliyochachishwa mitungini, mkate uliookwa majivuni, maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi. Ilipoitwa Zumbara, Mheshimiwa Waziri, Profesa Ngwembe, alifungua mkoba wake akatoa kilichokuwemo, nacho kilikuwa pakiti ya biskuti. Biskuti zenyewe zilitengenezwa na nchi iliyokaa kiti cha pili kutoka kwake. Mjumbe wa nchi hiyo alisimama akashukuru kwa heshima aliyopewa.

Waziri alirudi nyumbani na homa. Rais alitangaza siku tisini za kuusaka urithi, na katika siku ya themanini na nane tume ikaingia Mwambisi na magari kumi na moja. Sikudhani alikuwa uani akichambua kunde.

"Mama," Waziri akasema, "taifa limesikia kwamba unapika chakula cha kale sana. Tupikie."

"Kafa nani?"

Wajumbe wakatazamana. "Hajafa mtu, mama."

"Basi haiwezekani, baba. Kipoza hakipikwi hivihivi."

"Tunachokitaka ni chakula," Waziri akasema kwa upole. "Kama ni maiti, nchi inao wa kutosha."

Sikudhani alipika, kwa kuwa mkuu wa polisi alikuwa amekalia benchi la Makungu na hakuonyesha dalili ya kunyanyuka. Kando ya chungu alisimama Afisa Ladha Daraja la Pili, Bwana Tegemeo Shigela, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, aliyeogopa kukosea kuliko alivyoogopa nyoka. Alipima kina cha chungu na urefu wa mwiko. Alihesabu Sikudhani amekoroga mara ngapi, na amepiga chafya mara ngapi, akauliza kama chafya ni sehemu ya mapishi.

"Na chumvi kiasi gani, mama?"

"Haina."

"Haina kabisa?"

"Haina kwa sababu hakuna aliyekufa. Angekufa mtu, watu wangekuja nayo."

Shigela akaandika: Chumvi, hakuna.

Makungu alikuwa akiziba pancha pembeni. Aliinua kichwa akacheka. "Bwana mkubwa, andika na sababu."

"Fomu haina nafasi ya sababu, mzee," Shigela akamjibu kwa adabu, akamgeuzia fomu aione. Kweli haikuwa nayo.

Waziri akaonja. Alitulia kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kisha akawageukia waandishi wa habari. "Hii ni ladha ya kiungwana," alisema. "Haimpigii mtu kelele."

*

Baraza la Ladha la Dunia liliorodhesha kipoza mwaka huohuo, likikisifu kwa unyenyekevu wake. Zumbara ilisherehekea siku nne. Ikapitishwa Sheria ya Kulinda Kipoza, yenye kurasa mia mbili na sita, iliyosema kwa muhtasari kwamba atakayekitia chumvi atakuwa ameliharibu taifa. Sikukuu ya uhuru ilipofika, kila raia alipewa bakuli lake uwanjani. Watu walijifunza kumeza huku wamefumba macho, na gazeti la serikali likaandika kwamba walikuwa wakiiombea nchi. Mtangazaji mmoja wa redio aliyesema kipoza ni dufu alipelekwa kusomea ladha miezi minane. Aliporudi alisema ni kitamu, na tangu siku hiyo kila kitu kwake ni kitamu, hata maji.

Mwambisi walicheka chinichini. Waliona ni mambo ya mjini, yatapita. Sikudhani naye alicheka, na kicheko kile baadaye alikijutia sana.

Makungu alikufa mwezi wa nne, asubuhi, spana mkononi. Aliinama kukaza nati ya gurudumu la nyuma na hakuinuka. Sikudhani alimwona kutoka jikoni akadhani nati imemwangukia mchangani na anaitafuta. Akamwambia, "Iache, chai inapoa." Alimwambia mara tatu.

Siku arobaini alikula dufu. Wala haikumsumbua, kwa kuwa hakuwa akisikia ladha ya kitu chochote. Alichokuwa akikingoja ni siku ya chungu, awasikie watu wakisema juu ya Makungu. Aliyatamani hata mabaya yake. Aliyatamani hasa mabaya, maana mazuri yake aliyajua.

Siku yenyewe Bi. Kuruthumu, jirani wa mkono wa kushoto, alifika wa kwanza na fundo lake la chumvi. Lakini mlangoni alikuta pamewekwa meza yenye mizani, na nyuma ya mizani yuko Bwana Shigela, sasa Afisa Ladha Daraja la Kwanza, na askari wawili. Hiki kilikuwa kipoza cha kwanza cha msiba tangu sheria ipite, na Waziri mwenyewe alikuwa njiani na wapiga picha. Mafundo yote saba yalichukuliwa, yakapimwa, yakabandikwa majina, yakatiwa kwenye gunia la vielelezo.

Waziri alipanda juu ya kreti la soda. "Ndugu wafiwa, nawapongeza!" alianza. "Marehemu Makungu amefariki katika kipindi ambacho viwango vya kipoza vimepanda kuliko wakati wowote katika historia yetu. Wazee wetu walikufa bila viwango. Yeye ana bahati."

Askari wakapiga makofi. Bi. Kuruthumu akasimama, akajifunga kanga vizuri. "Mimi nina neno langu juu ya Makungu. Makungu alini..."

"Ratiba imefungwa, mama," mshereheshaji wa Wizara akasema. "Keti."

Sikudhani aliinuka pale chini alipokuwa amekaa, akamwendea Shigela mpaka wakawa wanatazamana uso kwa uso. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Nilikwambia sababu, ukaisikia kwa masikio yako."

"Niliisikia, mama."

"Basi waambie."

Shigela alitazama viatu vyake. "Haimo kwenye kumbukumbu, mama."

Wapo wanaosimulia mpaka leo kwamba machozi ya wafiwa yalidondoka chunguni yakakikoleza kipoza. Ni uongo. Machozi yalidondoka mengi na kipoza kilibaki dufu vilevile. Sikudhani alikoroga, akaonja, akaweka mwiko chini. Kaniki hakuvua. Kigoda cha Makungu kikabaki mlangoni, kimetazama njia. Waziri akamkabidhi Cheti cha Kumaliza Msiba, kilichowekwa kwenye fremu ya dhahabu.

"Ahsante, baba," Sikudhani akasema. "Lakini haujaisha."

Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa kwamba mjane wa Mwambisi amesema uzalendo wake hautaisha.

*

Kwa kuwa mjane asiyevua kaniki ni kitu adimu, Wizara iliitangaza nyumba yake kuwa urithi. Wakamwita Mjane wa Taifa. Wakazungusha kamba kuzunguka jiko lake la uani, wakasimamisha kibao kikubwa chenye mapishi ya kipoza kwa mwandiko wa Shigela mwenyewe, na wakabandika namba kwenye kigoda cha Makungu. Wageni walitakiwa waje Jumanne na Ijumaa. Wageni huja na mabasi, na mabasi yanahitaji mahali pa kuegeshwa, kwa hiyo nyumba za jirani zilivunjwa na wenyewe wakahamishiwa kila mmoja upande wake wa nchi, ili kuimarisha umoja wa kitaifa. Ndivyo serikali ilivyokihifadhi kijiji cha Mwambisi kwa kuwaondoa watu wa Mwambisi.

Siku ya lori, Bi. Kuruthumu alikuja kuaga. Alishika koo lake. "Neno langu limenikaa hapa, Sikudhani. Nikwambie?"

"Usiniambie sasa," Sikudhani akasema. "Bila chungu ni maneno tu. Ondoka nalo."

Wakashikana mikono mpaka dereva alipopiga honi.

Ikapita miaka sita. Sikudhani alipika kipoza mara mbili kwa wiki, wageni wakaonja kwa vijiko vidogo na kusema ni cha kipekee. Chakula chake mwenyewe alikula bila chumvi, kama mila inavyotaka, na hakuna aliyemlazimisha ila mumewe aliyekuwa chini ya udongo akingoja. Mchicha dufu, maharage dufu, hata yai. Miguu ilianza kukosa nguvu. Kila asubuhi alikifuta kigoda vumbi, kisha akakaa chini kando yake. Wakati mwingine alijaribu kukisia yale maneno saba yangekuwa yapi, na hakuyapata. Hilo ndilo lililomliza. Alimjua Makungu wa ndani ya nyumba, lakini yule wa barabarani, wa kwenye visima na vilabu, alikuwa ametawanyika na malori.

*

Jumatano moja mchana, siku isiyo ya wageni, Shigela alikuja peke yake. Alikuwa amepanda cheo mpaka Afisa Ladha Mkuu, lakini hakuja na gari wala fomu. Alikuwa amekonda. Alivuka kamba, akachuchumaa.

"Mama yangu amekufa," alisema.

"Pole, mwanangu. Arobaini imefika?"

"Imepita. Chungu chake nilikisimamia mimi. Nilipima mwenyewe, nikatia saini mwenyewe."

"Watu walisemaje juu yake?"

"Hawakusema." Shigela alikaza midomo. "Ratiba ilikuwa imefungwa. Niliifunga mimi."

Akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Ilikuwa chumvi, kutoka kwenye kopo la jikoni kwake. Alisema mama yake hawezi tena kumsaidia, ila amefikiri siku nyingi juu ya Makungu. "Nilimjua siku moja tu, mama. Sijui kama inatosha."

Hasira ilimpanda Sikudhani, ikamfika kooni, ikashuka. "Siku moja nayo ni kumjua," alisema, akainuka kuchukua chungu.

Kilipoiva, Shigela alifungua leso, akatia. "Makungu aliniambia niandike sababu," alisema. "Nilimdharau moyoni, nikamwona mzee wa kijijini asiyejua fomu. Yeye ndiye aliyejua."

Sikudhani akakoroga, akaonja. Chumvi ya nyumba moja ndani ya chungu kizima ni kitu kidogo sana, mtu mwingine asingeitambua. Ulimi wake uliitambua. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya chai.

"Bado sita," alisema alipotulia.

Alipokuwa akitoka, Shigela alisimama mbele ya kibao. Chini ya maneno yake ya zamani, *Chumvi, hakuna*, akaongeza kwa mwandiko uleule mzuri: *kwa sababu hakuna aliyekufa*. Akatia saini na cheo.

Ijumaa yake kipima-chumvi cha Wizara kiligundua chembe zilizobaki chunguni. Shigela alikiri kabla hajaulizwa. Alihukumiwa miaka minne kwa kuharibu urithi, na wanasema chakula cha gereza nacho hakina chumvi. Ila ule mstari kwenye kibao ulibaki. Sheria inasema maandishi ya Afisa Ladha Mkuu hayafutwi ila kwa kibali chake mwenyewe, na yeye alikuwa gerezani, ambako wafungwa hawaruhusiwi kutoa vibali.

*

Ndipo Wizara ikaleta mtembeza wageni mpya, msichana mwenye sauti nzuri, aliyekariri kila kitu na kutojua chochote. Jumanne yake ya kwanza alisimama kando ya kibao na kundi la watu arobaini.

"Wageni wapendwa, kama mnavyosoma, kipoza hakina chumvi kwa sababu hakuna aliyekufa. Hii ni fahari yetu. Hapa hakuna aliyekufa!"

Wageni wakapiga makofi. Sikudhani aliacha kukoroga.

"Na yule mama mbona amevaa kaniki?" mmoja akauliza.

"Ni sare ya kazi," msichana akasema.

"Muongo!"

Sauti ilitoka nyuma kabisa. Kikongwe mmoja alikuwa akijipenyeza kati ya watu kwa viwiko, kanga imemlegea, tiketi ya wageni imebandikwa kifuani. Alikuwa amesafiri siku mbili kutoka alikohamishiwa, na kwenye fomu ya mlangoni, sehemu ya madhumuni ya safari, alikuwa ameandika utalii.

"Kafa Makungu!" Bi. Kuruthumu alipaza sauti. "Makungu fundi baiskeli, kafa hapahapa! Alinifungia breki vibaya, nikaingia mtaroni na mayai yangu trei nzima! Hakuomba radhi mpaka anakufa, alikuwa na kiburi kama jogoo! Lakini kila nikipanda baiskeli ile hunijia usoni, na nimemsamehe, Sikudhani! Nimemsamehe!"

Walinzi walikuwa wameshamfikia. Alifumbua kiganja akarusha. Chumvi ilivuka kamba lakini haikufika chunguni; ilitua mchangani, hatua mbili kutoka jikoni. Wakamwinua juujuu wakamtoa, naye bado anataja mayai.

Sikudhani alicheka. Alicheka kwa sababu mayai yale aliyakumbuka. Makungu alirudi nyumbani siku hiyo akasema Kuruthumu hajui kuendesha. Kisha akapiga magoti pale mchangani, mwanamke mzee mbele ya watu arobaini, akaanza kuokota chumvi punje kwa punje. Iliyoshikamana na mchanga aliiokota na mchanga wake. Msichana mwenye sauti nzuri alimtazama bila kujua ni ukurasa gani wa maelezo. Sikudhani akarudi chunguni, akatia, akakoroga, akaonja. Mchanga ulilia kati ya meno yake.

"Bado tano," alisema.

Wizara ilichunguza tukio hilo kwa miezi mitatu, ikakanusha chumvi, ikaongeza mchanga kidogo kwenye mapishi rasmi. Mzee wa nyumba ya mkono wa kulia, inasemekana, alifariki huko alikohamishiwa, na wa ng'ambo ya barabara hajulikani alipo. Sikudhani ameambiwa hayo yote. Lakini kila Jumanne na kila Ijumaa, kabla ya kuteka kipoza, huinua macho na kuzitazama nyuso zilizo nyuma ya kamba, moja baada ya nyingine, na huwatazama watu mikono.